Mdogo wangu kafungwa kwa wizi ambao hakuufanya, na siku 14 za rufaa zimepita

Dada wa Kayole
Hamjambo wadau. Mdogo wangu amefungwa miaka 20 kwa wizi wa mabavu. Mama aliyeporwa alisema alimtambua, saa tatu usiku, kichochoroni nyuma ya kibanda cha chipsi. Saa hiyo mdogo wangu alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, Lunga Lunga hapa Nairobi. Alimwambia hakimu, ila msimamizi wake alikataa kuja kortini, na wakili hatukuwa naye. Sasa kuna msimamizi mpya, amenionyesha daftari la zamu: jina lipo, sahihi ipo. Miezi mitano imepita. Jirani anasema tumwombe Rais msamaha. Mama halali. Nifanyeje?

Nilitoka 2019
Pole sana dada. Mimi nilikaa ndani miaka sita, nikatoka kwa rufaa. Mlango haujafungwa. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinairuhusu Mahakama Kuu kupokea rufaa iliyochelewa kukiwa na sababu nzuri, hasa kama hamkupata mapema nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa kortini. Asingoje wakili. Anamkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake, naye anaipeleka kortini. Yangu niliiandika kwa kalamu ya kuazima, kurasa nne.

Mkipata mwenendo wa kesi, someni maneno ya yule mama moja baada ya jingine. Shahidi wangu alisema "kulikuwa na mwanga". Mwanga gani? Wa stima, wa mwezi, wa simu? Alisimama umbali gani, akaniona kwa muda gani? Hakuna aliyemuuliza, na alipopiga ripoti mara ya kwanza hakuwaeleza polisi sura yangu. Majaji waliniachilia kwa hayo. Tangu miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa inasema ushahidi wa shahidi mmoja aliyeona usiku lazima uchujwe kwa makini sana.

Msamaha wa Rais upo, Kifungu cha 133 cha Katiba. Mimi sikuutaka. Kusamehewa si sawa na kuambiwa hukuiba.

Msaidizi wa sheria, Kibera
Kuhusu daftari. Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinamruhusu aliyefungwa kuomba kesi isikizwe upya Mahakama Kuu, rufaa zikiwa zimeisha au muda wake umepita, mradi kuna ushahidi mpya na mzito. Lakini daftari lilikuwepo wakati wa kesi, kwa hivyo mtaulizwa mbona halikuletwa. Jibu ni kule kukataa kwa msimamizi wa zamani. Liandikwe kwa kiapo. Mimi ningeanza na rufaa iliyochelewa, na humo humo muombe kuleta ushahidi wa ziada kwa kifungu cha 358 cha ile Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Usiridhike na picha ya simu, dada. Daftari lenyewe ndilo linalotakiwa.

Dada wa Kayole
Asanteni sana. Na akitoka, atalipwa hiyo miaka?

Msaidizi wa sheria, Kibera
Hakuna malipo ya moja kwa moja. Itabidi aishtaki serikali kwamba alishtakiwa kwa nia mbaya, ndani ya miezi 12. Kuachiliwa peke yake hakutoshi, lazima aithibitishe hiyo nia mbaya. Ni kesi ngumu, sitakudanganya.

Dada wa Kayole
Nimetoka Lunga Lunga sasa hivi. Jina lake liko mstari wa saba, na kando ya sahihi kuna doa la kidole chenye siagi. Kuingia saa moja kasorobo jioni, kutoka saa kumi na moja alfajiri. Msimamizi amelifungia daftari kabatini na amekubali kula kiapo. Alhamisi naenda kumwona mdogo wangu, nimwambie aanze kuandika.