Ukoo wa Bahi: miguu ya Bibi

Shangazi Bahi: Mbukwa jamani. Miguu ya Bibi imevimba tena, hata kandambili zinambana. Muuzaji wa duka la dawa huku alimpa vidonge vya kutoa uvimbe, leo anasema tumbo linawaka moto.

Mjomba Kizota: Poleni sana. Hiyo ni figo. Someni hii 👇🏾
*Imesambazwa mara nyingi:* DAWA ZA PRESHA NDIZO ZINAZOMALIZA FIGO! ACHA LEO! Tafuna kitunguu saumu kila asubuhi…

Neema: Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Mjomba, nakuomba uifute hiyo kabla hajasomewa Bibi. Presha ikiachwa juu miaka na miaka ndiyo inayoua figo. Shangazi, nipigie picha dawa zote anazomeza, hata zile za kwenye karatasi.

Shangazi Bahi: 📷 Picha

Neema: Naona amlodipini miligramu 10. Si alikuwa na ya 5?

Shangazi Bahi: Walimwongezea kliniki iliyopita, presha iligoma kushuka.

Neema: Na miguu ilianza kabla ya hapo au baada?

Shangazi Bahi: Heee. Baada.

Neema: Yote miwili? Asubuhi inakuwaje? Ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo? Na usiku anahema, au anaongeza mito?

Shangazi Bahi: Yote miwili, shimo linabaki. Asubuhi nafuu, jioni ndiyo balaa. Kuhema hapana, mto ni wake uleule na anakoroma kama kawaida.

Neema: Afadhali. Ungekuwa mguu mmoja, wa moto na unauma, au pumzi inakata, ningesema hospitali usiku huuhuu.

Mjomba Kizota: Sasa daktari wetu, dawa ya presha inavimbishaje mtu miguu?

Neema: Mfamasia tu Mjomba 😄 Amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, ndiyo maana presha inashuka. Inayorudisha damu hailegei kwa kiasi hicho. Fikiria mnada wa Msalato Jumamosi: geti la kuingilia limepanuliwa, la kutokea ni lilelile. Damu inabanana mle ndani, maji yanachuja nje ya mishipa na kutuama kwenye vifundo. Kwenye miligramu 10 inatokea zaidi kuliko kwenye 5.

Mjomba Kizota: Kwa hiyo siyo figo.

Neema: Bado wampime, siwezi kuapa kwa picha ya simu. Ila mpangilio wenyewe unaelekea kwenye amlodipini. Kinachonikera mimi ni kile kidonge cha pili, diklofenaki.

Shangazi Bahi: Hicho ndicho cha duka. Alisema kinatoa uvimbe wa aina yoyote.

Neema: Cha goti sawa, cha maji hapana. Diklofenaki inazuia mwili kutengeneza vitu vinaitwa prostaglandini. Ndivyo vinavyoleta maumivu na uvimbe goti likiumia, lakini ni hivyohivyo vinavyolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi na kusaidia figo ipate damu. Dawa haichagui, inazima kote. Tumbo linawaka, figo inashikilia chumvi na maji, presha inapanda, miguu inazidi. Na inakidhoofisha hata hicho cha tatu, haidroklorothiazidi, kile cha kumkojoza.

Shangazi Bahi: Mungu wangu. Na ameniambia nikirudi atampa omeprazoli ya tumbo.

Neema: Ndiyo hapo sasa! Dawa moja imeleta uvimbe, uvimbe umeletewa dawa, na dawa hiyo nayo inatafutiwa dawa. Diklofenaki aache leo. Choo kikiwa cheusi kama lami au akitapika damu, mkimbizeni hospitali. Amlodipini aendelee nayo, asikatishe mwenyewe, daktari ndiye apunguze au abadilishe.

Shangazi Bahi: Na goti lake linalouma, atulize na nini?

Neema: Paracetamoli ya miligramu 500, viwili, isizidi mara tatu kwa siku. Asichanganye na dawa ya mafua, nyingi zina paracetamoli ndani, ini ndilo linaloumia. Bibi ana kilo ngapi?

Shangazi Bahi: Kliniki waliandika 46.

Neema: Basi kimoja kimoja.

Baba Mdogo Kondoa: Mwanangu, mbona na mimi nakohoa tu tangu nianze presha? Kikavu. TB wamepima hakuna, chupa za dawa ya kikohozi zimejaa dirishani. Mama yako mdogo kanihamishia chumba cha wageni.

Neema: 😂 Pole Baba. Unameza enalaprili?

Baba Mdogo Kondoa: Hiyohiyo.

Neema: Kuna kitu mwilini kinaitwa bradikinini. Enalaprili inazuia kisivunjwe, kinarundikana na kutekenya njia ya hewa. Hakuna dawa ya maji itakayokitoa hicho kikohozi. Mweleze daktari, ipo losartani, hiyo ni nadra kuleta kikohozi. Lakini midomo au ulimi vikivimba hata kidogo, acha enalaprili na ukimbie hospitali, hapo hata kesho ni mbali.

Baba Mdogo Kondoa: Na huyo anayenipa chupa hakuwahi kuniuliza nameza nini!

Mjomba Kizota: Ujumbe nimeufuta. Jumatatu nani anampeleka Bibi? Nauli natuma mimi.

Shangazi Bahi: Nampeleka. Nibebe nini?

Neema: Mfuko wenye dawa zote, na diklofenaki pia, usiifiche kwa aibu. Na daftari la kliniki.

Shangazi Bahi: Sawa. Bibi kasikia yote, anauliza kama daktari atamkataza na ugoro.

Neema: Hilo amwulize mwenyewe, mimi simo 🙈