Tupeane uzoefu: uliyewahi kutengeneza, kukagua au kukataliwa modi za gemu huria, ilikuwaje?

Fundi Kigoda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaohangaika na modi (nyongeza zinazobadilisha gemu) za gemu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu: Luanti (ile tuliyoizoea kwa jina la Minetest kabla hawajaibadilisha jina Oktoba 2024), Wesnoth, 0 A.D., OpenTTD na nyingine za ukoo huo. Sio uzi wa kuombana modi. Nataka tusimuliane upande usiosemwa sana: kazi yako ikipelekwa kukaguliwa, anayekagua anatafuta nini, na vurugu inayozuka mtu akiambiwa "rudi karekebishe".

Naanza mimi. Huwa nasoma modi za vijana kabla hawajazipeleka ContentDB, ghala la modi na magemu ya Luanti lililoanza 2018. Cheo sina huko, ila ukishaonekana unajua kidogo Lua, lugha inayoandikiwa modi hizo, folda za watu zinakufuata mwenyewe. Kitu kipya pale hakiwafikii wachezaji mpaka kipitishwe, na wanaopitisha ni watu wa kujitolea wenye kazi na watoto wao. Foleni ikilala, usianze kusema umebaniwa.

Wengi wanadhani mtihani uko kwenye msimbo. Kwa niliyoyaona, kinachowaangusha zaidi ni picha na sauti. Kijana kaandika Lua safi, lakini mlio wa mlango kaukata kwenye video ya mtu, na picha ya jiwe kaibeba kutoka Minecraft. Muulize leseni: "Nimeitoa Google." Kuna na wale wa leseni yenye herufi NC, inayokataza matumizi ya biashara. Hizo zinapokelewa, ila modi inapigwa chapa kwamba si huria, na mpangilio wa kawaida wa Luanti unazificha zenye chapa hiyo. Umepita, lakini anayekuona ni mwenye kukutafuta kwa makusudi.

Majuzi nimeletewa modi ya samani za pwani: kitanda cha samadari, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, hata mkeka wenye rangi zake. Imenikosha. Tatizo, picha zote zilikuwa na majina mafupi: kiti.png, mkeka.png, mlango.png. Kwenye Luanti, picha za modi zote zinaishia kapu moja. Modi mbili zikiwa na mlango.png, moja inaifunika nyingine, na mchezaji anashangaa mlango wa kasri umevaa sura ya mlango wa choo. Hakuna hitilafu inayoandikwa popote, ndiyo maana watu wanapoteza muda mwingi kulisaka tatizo. Utaratibu ni kutanguliza jina la modi: samani_mlango.png. Akabadilisha zote jioni ile ile, pamoja na kila mahali zinapotajwa ndani ya init.lua, faili kuu la modi.

Hapo hatukugombana. Tuligombana nilipomwomba aandike kwenye faili la leseni kila picha kachora nani. Nusu ya kazi ni ya binamu yake, na binamu hataki jina lake mtandaoni. Mvutano ukawa mrefu kuliko modi yenyewe. Mwisho binamu akakubali jina la utani, tukafunga mjadala.

Haya, leteni ya kwenu.

Mlinda Seva

Mkuu, mimi nitaongelea upande wa mwenye seva, maana sisi ndio tunaolipia uzembe wa ukaguzi.

Nina seva ndogo ya vijana wa mtaani. Mmoja akaniletea modi ya kuwasalimia wachezaji wakiingia, kaishusha kwenye kundi la Telegram, siyo kwenye ghala. Ikafanya kazi vizuri tu. Baada ya muda akaanza kuingia mtu tusiyemjua, anaruka angani, anabomoa nyumba za watu, na kila nikimnyang'anya mamlaka akitoka na kurudi anayo tena.

Nilifungua init.lua kwenye simu nikaona salamu tu. Nilipoifungua kwenye kompyuta ndipo nikaona kuna mstari wa kuteleza: mbele yake zimewekwa nafasi tupu nyingi mno, msimbo wenyewe umesukumwa kulia nje ya skrini. Unasema hivi: anayeingia akiwa na jina fulani, apewe mamlaka yote. Nikaenda kuwaambia wenye kundi waiondoe. Jibu nililopewa ni kutolewa kundini.

Watu wanachanganya jambo moja hapa. Luanti ina ulinzi wa modi na umewashwa tangu mwanzo: modi haiwezi kugusa mafaili ya kompyuta yako ovyo, na inayotaka kutoka nje ya uzio lazima wewe mwenyewe uliandike jina lake kwenye secure.trusted_mods. Lakini ulinzi huo haumzuii mtu kugawa mamlaka ndani ya gemu, kwa sababu kugawa mamlaka ni kazi halali ya modi. Hapo hakuna mashine ya kukusaidia, ni kusoma. Siku hizi kabla sijaweka kitu natafuta amri hizi ndani ya msimbo: set_player_privs (kugawa mamlaka), request_insecure_environment (kutoka nje ya uzio), request_http_api (kuwasiliana na mtandao) na loadstring (kuendesha maandishi kama msimbo). Vikiwemo, mwenye modi anieleze vinafanya nini.

Kibatari_255

Mimi nimeona video ya maelekezo inamwambia mtu "zima secure.enable_security kwanza", yaani ulinzi huohuo. Watoa maoni chini wanashukuru 🤦🏾

Baharia wa Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Mie naona mnautukuza sana ukaguzi. Njooni muone Wesnoth. Kule hakuna wa kukuzuia mlangoni: unakubali masharti ya leseni, unaweka neno lako la siri kwenye faili la _server.pbl, unapakia kampeni yako (hadithi ya mfululizo wa vita) kutoka ndani ya gemu yenyewe, na watu wanaipata. Moda, yaani msimamizi, anaingilia mambo yakiharibika.

Mtasema basi kumejaa takataka. Zipo, sikatai. Lakini kila toleo kubwa la gemu lina seva yake ya nyongeza. Lilipotoka 1.18, kampeni za 1.16 hazikuhamia zenyewe. Mwenye nayo ndiye wa kuipakia upya baada ya kurekebisha kilichovunjika. Aliyeichoka kazi yake anaiacha nyuma, na hakuna aliyelazimika kumwandikia kwamba modi yake mbovu. Mwenzangu mmoja hapa kampeni yake ya kwanza ilikuwa na vita visivyoshindika kabisa, adui wanazaliwa kila zamu. Ingepita kwa mkaguzi? Haingepita. Lakini watu walicheza, wakamtukana kidogo, wakamsaidia, na sasa ni kampeni ninayoipenda. Mngemrudisha mlangoni angeenda zake kucheza mpira wa simu.

Fundi Kigoda

Baharia, nakubali nusu. Kampeni ya Wesnoth ikiwa mbovu mchezaji anapoteza jioni yake. Modi ya seva ikiwa na mlango wa nyuma, kama alivyosema Mlinda Seva, inabomoa kazi ya watu wengine.

Mwalimu Nyamizi

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Naendesha klabu ya kompyuta shuleni, tunatumia Luanti kwa sababu haina gharama na inakubali laptop za zamani. Uzoefu wangu ni huu: modi inaweza kupita ukaguzi wote na bado isifae, kwa sababu aliyeikagua ana mashine nzuri.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliandika modi ya shamba la mihogo. Alitumia ABM, ile kanuni inayopita kwenye vipande vilivyo hai karibu na wachezaji na kufanya kitu kwa kila tofali la aina fulani. Akaweka interval = 1 na chance = 1. Maana yake kila sekunde, kila mhogo, bila kuruka hata mmoja. Shamba la miche michache halikuwa na shida. Darasa zima lilipolima, mtoto anapiga jembe, jembe linatua baadaye, anaanguka shimoni kabla hajaliona. Kelele mtindo mmoja: "Ticha, imeganda!"

Sikumrekebishia. Nilimwambia alime shamba kubwa peke yake kwenye laptop mbovu kuliko zote (ina kitufe kimoja cha herufi kimeng'oka), akiwa amefungua takwimu za skrini kwa F5. Aliona mwenyewe. Akaongeza interval, akapandisha chance ili kila mzunguko uguse mihogo michache tu, na mihogo ikakua kwa zamu kama inavyokua kweli. Tangu hapo klabu ina sharti moja: kabla ya kunionyesha, ijaribiwe kwenye ile laptop.

Mama Wawili

Mimi ni moda wa kundi la watengeneza modi, sitalitaja. Kazi yenyewe naifanya watoto wakishalala, na asilimia kubwa ya muda siutumii kusoma msimbo, nautumia kusuluhisha "kaniibia".

Hebu tuongee ukweli. Kijana anaweka modi yake kwa leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa wenzake. Mwingine anaichukua, anabadilisha rangi, anaipa jina jipya. Wa kwanza analia ameibiwa. Mdogo wangu, ulimruhusu! Alichokosea yule ni kitu kimoja tu: kufuta tamko lako la hakimiliki, ambalo MIT inamtaka aliache. Basi namwandikia arudishe tamko, shauri linakwisha. Hukutaka watu wachukue na kufunga, ungetumia GPL, inayodai kazi iliyotokana na yako nayo ibaki huria. Hukutaka waiguse kabisa, gemu huria si uwanja wako.

La pili ni lugha. Moda mwenzangu alikuwa anajibu "mbovu, haifai" halafu anashangaa kutukanwa. Mimi nataja faili, nataja mstari, nasema kinatokea nini nikibonyeza wapi. Matusi hayajaisha, maana wapo wanaoona jina la Mama Wawili wakaniuliza kwanza nani kanifundisha Lua. Lakini asiye na nia ya ugomvi anapata pa kushika.

Na modi za kuongeza mapanga ya rangi ya waridi, hayo mapanga nimeyachoka. Hayana kosa, leseni safi, yanafanya kazi. Nayapitisha huku nimenuna.

Kaka Skrubu

Nyongeza fupi. Mnaongelea modi mpya tu, wakati hatari iko kwenye masasisho. Juni 2023 kwa jirani zetu wa Minecraft ilitokea fractureiser: akaunti za watengenezaji kwenye CurseForge na Bukkit, tovuti za kushushia nyongeza za Minecraft, zilitekwa, programu hasidi ikaingizwa ndani ya modi watu walizokuwa wanaziamini. Iliiba nywila na vidakuzi vya kivinjari, na ilijinakili kwenye mafaili mengine ya jar (ndiyo yanayobeba modi za Minecraft) yaliyomo kwenye kompyuta. 0 A.D. wao modi za kushushwa ndani ya gemu lazima zibebe saini ya kidijitali ya timu yao, vinginevyo gemu inazikataa. Ni polepole, watu wananung'unika, mimi nimeridhika.

Chipukizi_Tandale

Wakuu shikamooni. Mimi natumia simu tu, Luanti ya Android. Nimeandika modi ya bajaji, inatembea, ila kila nikiwasha inaandika "Assignment to undeclared global". Naweza kuipeleka hivyohivyo au nitarudishwa?

Fundi Kigoda

Marhaba dogo. Hiyo ni onyo, haiui gemu, lakini mkaguzi akiliona atakurudisha na atakuwa sahihi. Kuna kigeu umekipa thamani ndani ya funksheni bila kuweka "local" mbele yake, kwa hiyo kinavuja kwenda kwa modi zote. Modi nyingine ikitumia jina hilohilo, bajaji yako itaanza vituko. Onyo lenyewe linataja faili na namba ya mstari, nenda pale uongeze local. Halafu hakikisha mod.conf, faili la utambulisho wa modi, ina name, description na depends. Na mlio wa injini umeutoa wapi?

Chipukizi_Tandale

Nimerekodi bajaji ya mjomba.

Mama Wawili

Mpokeeni huyu! Andika hivyohivyo kwenye leseni, mwanangu: kurekodi umerekodi mwenyewe. Na ukikwama, tuwekee hapa maandishi ya debug.txt, faili ambamo Luanti inaandika makosa. Picha ya skrini iliyopigwa na simu nyingine sisomi.