Mrejesho: banda, kibwawa na matuta, Tabora

Wakuu, niliuliza nianze na lipi kati ya banda, kibwawa na matuta, kwa kiwanja cha kichanga hapa Ipuli ambacho ukimwagilia asubuhi, mchana pamekauka. Wengi mlisema banda kwanza, maji ya paa ndiyo yajaze bwawa. Nimefuata, na mlikuwa sahihi.

Hesabu yenyewe tamu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Banda langu ni mita 3 kwa 4, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaniletea karibu lita 240, ukitoa kidogo yanayoruka nje ya gata. Bwawa nimelitandika turubai zito, maana kichanga hiki hakishiki tone. Perege wanakula viluwiluwi vya mbu (mama watoto kapunguza kelele), na yale maji mazito ya chini nayachota kumwagilia mchicha. Umekolea kijani hatari.

Matuta ya kiangazi nimeyazamisha badala ya kuyainua, nikafunika kwa nyasi. Mvua zikianza nayainua. Bado fuko tu kwenye viazi. Mwenye mtego unaofanya kazi aseme.