Mjadala: Bunduki ndefu ya bei nafuu kwa msafiri wa Kigoma na Tabora, inunuliwe ipi? Mimi nasema kwenye gari isipande

Mwakeye wana Kigoma, mwangaluka wana Tabora.

Nina mpwa wangu anayenunua maharage Kasulu na Kibondo na kuyashusha Kahama. Ana Probox yake, na msimu ukichanganya hukodi Canter. Wiki iliyopita alinifuata nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, akaniuliza swali ambalo najua si lake peke yake: "Mjomba, bunduki ndefu ya bei nafuu ya kuweka kwenye gari ni ipi?" Mkononi ana simu, na kwenye simu kuna Mmarekani kasimama kando ya pikapu yake anaeleza kwa nini kila msafiri anunue Maverick 88, bunduki ya marisau ya kwao. Barua ya mtendaji wa kijiji ya kuombea leseni ameshaipata.

Nilimjibu, hakuridhika, na mimi mwenyewe usiku ule sikulala vizuri. Ndiyo maana nalileta kwenu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: bunduki ndefu inaweza kukulinda shambani, kambini, hata nyumbani usiku. Ukiwa umekaa ndani ya gari haikukingi. Utakuwa umembebea jambazi silaha mpaka mlangoni kwake.

Tusianze kwa kumcheka kijana. Anayemcheka hakupita Kibondo miaka ile. Vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993 wakimbizi walimiminika kwetu, na pamoja nao zikavuka silaha za kivita. Njia ya Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi ikawa njia ya kupita huku unasali. Mabasi yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi, na abiria walipokezana kuchungulia vichaka. Leo lami imefika sehemu kubwa, kambi ya Mtendeli imefungwa, watu wanasafiri bila kuagana kama wanaokwenda vitani. Lakini aliyewahi kulazwa kifudifudi kwenye vumbi hasahau kwa sababu ya lami.

Sasa bunduki zenyewe.

Gobore tuliondoe mezani. Huku kwetu na kwenu Tabora mhunzi wa kulitengeneza hakosekani, na bei yake ni ya chini kuliko zote. Ila kukutwa na silaha bila leseni ni kesi ya uhujumu uchumi, na hiyo hulipi faini ukarudi nyumbani jioni. Halafu unashindilia baruti kwa mdomo wa mtutu kama unayetwanga kisamvu. Ukishafyatua mara moja, umebaki na bomba.

Raifo nayo inaua mbali kuliko unavyoona. Risasi ikimkosa uliyemkusudia inaendelea na safari, na barabara zetu zina nyumba, wachunga ng'ombe na watoto wa shule pande zote mbili.

Inabaki bunduki ya marisau, ile wengi tunaiita shotigani. Kama kununua ni lazima na mfuko ni mdogo, mimi ningechagua kati ya mbili: ya mtutu mmoja ya kuvunja, yaani inayokunjwa katikati kuwekwa risasi, au pampu ya kawaida, ile unayovuta kishikio cha chini ya mtutu nyuma na mbele, zote geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu. Ya kuvunja ina vitu vichache vya kuharibika, na ukiivunja unaona kwa macho kama ina risasi au haina. Pampu unaikoki kwa nguvu ya mkono wako, kwa hiyo haichagui sana risasi. Zile zinazojikoki zenyewe hutegemea nguvu ya risasi na zinataka usafi kila mara, na vumbi la Kasulu mwezi wa nane mnalijua. Risasi ya kawaida ya marisau makubwa, geji 12, hubeba gololi 9. Tisa hizo zinatoka pamoja lakini kila moja itafika pake, na kila moja utaitolea maelezo. Fikiria abiria wako wamelazwa hapo hapo miguuni pa yule unayemlenga.

Yule Mmarekani wa kwenye simu simlaumu, anazungumzia kwao. Kwao kibali cha bastola cha jimbo moja ukivuka mpaka kinaweza kuwa karatasi tu, ndiyo maana wasafiri wengi huona bunduki ndefu haina usumbufu. Hata anayeendesha hadi Alaska kupitia Kanada, bastola inampa shida mpakani, lakini marisau ya kawaida anaijazia fomu, analipa ada, anaendelea. Na Maverick 88 kweli ni ndugu wa bei ya chini wa Mossberg 500, pampu inayojulikana sana kwao. Ila kuna kipande mpwa wangu hakukisikia. Sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda anayevuka majimbo kwa sharti kwamba bunduki haina risasi na hawezi kuifikia kutoka alipokaa. Iwe kwenye buti, au kwenye sanduku lililofungwa kwa ufunguo. Yapo majimbo yenye sheria legevu zaidi, lakini ulinzi ule wa safari umejengwa juu ya bunduki iliyolala. Ya kuchomoa ukiwa kwenye usukani haimo.

Nikamwambia, twende kwenye gari lako tujaribu.

Maverick yenye mtutu mfupi, wa inchi 18 na nusu, bado ina urefu wa karibu mita moja ukijumlisha kitako. Tukachukua mpini wa jembe, tukaukata mita moja, tukaulaza kati ya viti viwili vya mbele vya Probox, kitako nyuma. Akafunga mkanda, akashika usukani. Nikapiga makofi. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye mpini, ncha ikanasa kwenye gia. Akauinua, ukagonga kioo cha juu. Akataka kuugeuza upande wa dirisha lake, usukani ukamzuia, mkanda ukambana kifua, kiwiko kikapiga honi. Nilikuwa nahesabu kwa sauti: alipoutoa mpini dirishani nilikuwa nimefika kumi na tatu. Tukarudia kiti cha abiria, nikafika tisa. Huyo ni kijana wa miaka ishirini na minane, mchana, uani, hakuna aliyemwelekezea chochote usoni.

Naomba kila mwenye gari anayesoma hapa ajaribu. Mpini wa jembe, mita moja. Mje mseme mmehesabu ngapi.

Kwa nini naisema kwa uchungu? Mwaka 2004 tulikuwa watu watano kwenye Land Cruiser, tumetoka Kibondo. Mzee mmoja kati yetu alikuwa na marisau ya mtutu mmoja, yenye leseni, ameizungushia kitenge na kuilaza nyuma ya kiti. Gogo lilikuwa kwenye kona, na dereva alipokanyaga breki mlango wa upande wangu ulishafunguliwa, sikumwona aliyeufungua. Mzee hakusogeza hata mkono. Walipotupekua wakaikuta. Sisi wanne tulinyang'anywa pesa na viatu, tukaachwa. Yeye walimpiga kwa kitako cha bunduki yake mwenyewe huku wakimuuliza alitaka kumuua nani. Waliondoka nayo. Baada ya hapo miezi na miezi alikuwa akiitwa kueleza silaha iliyoandikwa jina lake iko wapi. Mpaka anafariki, mlio wa tairi ukimshtua alikuwa anaweka mkono kwenye taya.

Na sheria yetu muiangalie kabla hamjauza ng'ombe. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ombi la leseni linaanzia kwenu mtaani au kijijini, linapita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, linakwenda polisi. Leseni ni ya jina lako, si ya gari. Ukimwachia dereva wako bunduki ili apeleke mzigo Kahama, mna kosa wote wawili. Ukikatiza pori la akiba kama Moyowosi ukiwa na silaha bila kibali cha wanyamapori, utaonekana jangili hata kama kwenye gari kuna maharage tu. Mwaka 2016 wenye silaha tuliambiwa tuzipeleke zihakikiwe, na aliyekuwa ameiacha kwa shemeji yake alitoka jasho. Kujitetea kupo kwenye Kanuni ya Adhabu, sikatai, lakini kifungu cha 18B kinakupa nguvu ya kiasi kinachohitajika na kuishia hapo. Kiasi hicho kitapimwa na watu waliokaa mezani, wakati wewe ulikuwa na sekunde mbili gizani.

Karibuni. Mnaopinga mpinge, nasoma yote.

Mchangiaji kutoka Urambo:

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini umempima dereva aliye peke yake. Mimi niko kwenye tumbaku. Siku ya malipo ya wakulima ninaweka magari mawili, mtu wa bunduki anakaa la pili, mita mia nyuma, dirisha wazi. Gogo likimsimamisha wa kwanza, wa pili anashuka akiwa mbali. Hapo bunduki ndefu ndiyo yenyewe, bastola haina kazi. Usiwakatishe watu tamaa kwa mpini wa jembe.

Mwanzisha mada:

Ndugu yangu wa Urambo, hilo nalikubali bila ubishi, na nashukuru umelisema. Mtu aliyeshuka, yuko mbali, hajashikwa mkanda, anaona mbele: bunduki ndefu inafanya kazi iliyotengenezewa. Lakini tazama ulichonunua. Umenunua gari la pili, mafuta yake, na mtu aliyefunzwa ambaye leo na kesho anafanya kazi hiyo tu. Mpwa wangu aliniuliza bunduki ya bei nafuu. Kwa mpango wako bunduki ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Mchangiaji kutoka Kibondo:

Kaka, mimi ni mwanamke, naendesha Noah mwenyewe, Kibondo na Kasulu kila Alhamisi. Nimejaribu. Nimehesabu kumi na moja na mpini umempiga mwanangu aliyekaa nyuma. Ila mimi nina jingine ambalo nyie wanaume hamjaligusa. Nikifika Kakonko nataka kula na kwenda msalani. Bunduki naiweka wapi? Kuiacha kwenye gari siwezi, vioo vya Noah hata mtoto anafungua. Kuingia nayo hotelini nimeibeba begani siwezi. Bastola ingekaa kwenye mkoba, hii mita moja inakaa wapi? Na watoto wako ndani ya gari wananisubiri. Mimi hapo ndipo ninapokataa, hata kabla ya majambazi.

Mwanzisha mada:

Dada, umenizidi. Nimeendesha njia hiyo miaka ishirini na hilo la kusimama kula sikuliwaza. Bunduki iko nawe safari nzima, jambazi huenda asitokee maisha yako yote, na kila kituo unabaki na swali la nani yuko karibu nayo.

Mchangiaji kutoka Nzega:

Sisi huku hatukuokolewa na bunduki. Sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 80, ng'ombe wanaibwa na watu wanauawa, walitoka na upinde, rungu na yowe. Kijiji kimoja kikipiga yowe cha pili kinapokea, mwizi anakuta njia zote zina watu. Najua yaliyofuata, palikuwa na kuonea watu, siyafichi. Lakini kwa barabara: mwambie kijana achukue namba za simu za makamanda wa vijiji vyote kati ya Kasulu na Kakonko, awasalimie anapopita, anunue maharage yake kwao. Gari linalojulikana likichelewa, mtu anauliza.

Mchangiaji kutoka Urambo:

Namba za simu kwenye pori lisilo na mtandao?

Mchangiaji kutoka Nzega:

Ndiyo maana nimesema likichelewa. Anayekusubiri kijiji cha mbele anajua ulitoka nyuma saa ngapi.

Mwanzisha mada:

Ndugu wa Nzega, hili nimemsomea mpwa wangu neno kwa neno. Amekubali la kusafiri mchana na la kuongozana, la bunduki bado anabishana. Anasema ataiombea leseni aiweke ghalani Kibondo, magunia yanakolala, na kwenye gari isipande. Nimemwambia kwa ghala sina pingamizi, marisau ya mtutu mmoja, sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na ajifunze kuipiga kwa mtu anayeijua kabla haijalala humo hata siku moja. Pesa inayobaki abadilishe matairi ya Probox, maana mara tatu mwaka huu ameegesha porini kwa pancha, na hapo ndipo mimi ninapomhofia.

Kesho anapakia gunia arobaini. Magari matatu, yanatoka Kibondo saa moja asubuhi. Wengine endeleeni kuleta hesabu zenu za mpini. Waliofika mpaka sasa ni sita, na aliye chini kabisa ana saba, ambaye alijaribu bila mkanda.