Antaktika kwa meli ndogo: tuvuke Drake au turuke kwa ndege?

Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mke wangu tunadunduliza twende Antaktika, na meli kubwa hatutaki. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu nchi kavu kule, na hata hizo ndogo haziruhusiwi kushusha zaidi ya watu 100 sehemu moja kwa wakati mmoja. Maana yake meli ya abiria 100 mnashuka wote; ya 200 mnapokezana, wengine wanazungushwa na boti za mpira wakisubiri zamu. Nilipe hela yote ile nikawaone pengwini kwa darubini? Hapana.

Kinachotutatiza ni njia. Iliyozoeleka unapanda meli Ushuaia, Argentina, mnakata Mlangobahari wa Drake, ile bahari yenye mawimbi makali kati ya Amerika Kusini na Antaktika, takriban siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mke wangu boti ya Zanzibar tu inamlaza! Siku hizi kuna mtindo wa kuruka kutoka Punta Arenas, Chile, hadi Kisiwa cha King George kule Antaktika, kama saa mbili hivi, meli mnaikuta huko. Ni ghali zaidi, na ukungu ukitanda ndege hairuki, mnasubiri.

Aliyewahi kwenda: dawa za kichefuchefu zinasaidia kweli Drake ikichafuka, au tuongeze hela tupande ndege? Mwenye pasipoti ya Tanzania, viza uliombea wapi? Na bima ya kusafirishwa mgonjwa, mlikata ya nyumbani ikakubalika?