Karakana ya samani Lindi: ninunue jenereta, au nikubali kwamba vitanda vya kutoka nje vimenishinda?

Fundi wa Mtanda (Lindi Mjini) ameuliza:

Habari za jioni, wanajamvi. Naomba ushauri wa watu wenye karakana, hasa walioko huku Kusini, kwa kuwa ushauri wa Dar es Salaam nimeshaupata na haukunifaa.

Nina karakana ya samani hapa Mtanda, yenye mashine ya kuranda inayoendeshwa na mota ya kilowati 5.5, msumeno wa duara na drili ya kusimama. Tuko watu watano, wawili kati yao vijana waliosomea useremala chuo cha ufundi cha VETA. Kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita nakiuza shilingi 480,000, ilhali kitanda cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) kilichotoka nje ya nchi, kikashushwa bandarini Dar es Salaam na kusafirishwa kilomita zaidi ya 450 mpaka hapa, kinauzwa 320,000, tena kimepakwa rangi inayong'aa na kimewekewa kioo kichwani. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kiwango cha ushuru wa forodha cha asilimia 35 kwa aina kadhaa za bidhaa, na samani zimo. Nilidhani ushuru huo ungetupa nafasi ya kupumua, lakini mpaka leo sijaiona.

Kilichonifanya niandike ni jambo la Jumanne iliyopita. Tulikuwa tunaranda ubao wa kichwani wa kitanda cha harusi, na ubao ulikuwa umeingia nusu kwenye mashine, ndipo taa zikafifia na kuwa nyekundu, mota ikaanza kunguruma kama gari linalopanda mlima na mzigo mkubwa, na kabla kijana hajaifikia swichi tukasikia harufu ya vanishi inayoungua. Kusuka mota upya nimetozwa 180,000. Ubao wenyewe umebaki na shimo la kisu katikati, kama hatua ya mtu aliyeruka tope. Siku ya nne mjomba wa bibi harusi alikuja kuchukua kianzio chake cha 150,000, akaenda kununua kitanda cha dukani siku hiyohiyo.

Sasa nimepata mtu wa kunikopesha fedha za jenereta. Je, ninunue, au niachane na mninga nianze kuunga mbao za MDF kama wenzangu wa mjini?

---

Waya wa Shangani (Mtwara):

Pole sana, kaka. Mimi ni fundi umeme wa viwandani, na kabla sijakujibu kuhusu jenereta naomba tupige hesabu, kwa sababu naona umeyatia matatizo mawili katika gunia moja.

Ikiwa uko kwenye kundi la matumizi ya kawaida, yaani T1, bei ya uniti kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1 unafika takriban 356. Mota yako ya kilowati 5.5 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa mbili nzima kwa ajili ya kitanda kimoja, jambo ambalo nina shaka nalo, itakula uniti 11, yaani chini ya shilingi 4,000. Katika kitanda cha 480,000 hiyo haifiki hata asilimia moja. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba samani za nje zinakushinda kwa sababu umeme wetu ni ghali, mwombe akuoneshe hesabu yake. Kinachokula mfuko wako ni umeme kukosekana au kushuka wakati ubao uko ndani ya mashine, watu watano wakakaa kivulini wanalipwa, na mteja akahesabu siku.

Twende kwenye dizeli. Jenereta ndogo iliyopewa mzigo wa wastani hutoa uniti mbili hadi tatu kwa lita. Dizeli ikiwa shilingi 2,900, uniti moja inakugharimu kati ya shilingi 1,000 na 1,450 kwa mafuta peke yake, mara tatu hadi nne ya umeme wa LUKU unaoulipia kabla. Hata hivyo, kwa kitanda kimoja ni nyongeza ya shilingi elfu kumi na kidogo, nayo haiui biashara. Kinachoua ni kuinunua. Mota inapoanza kuwaka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na kwa hiyo jenereta ya kuiwasha bila kuzimika itakuwa ya kVA 15 au zaidi. Utalipa mkopo wa jenereta kubwa kila mwezi, umeme uwepo au usiwepo, ili uitumie saa chache. Kama jirani yako anachomelea mageti na tayari anayo, kubalianeni akukodishe kwa saa.

Lakini hata kabla ya hayo, ilinde mota. Umeme wa fezi tatu, yaani waya tatu zenye umeme, unatakiwa uwe volti 400. Ukishuka, mota haipunguzi kazi, inavuta mkondo mkubwa zaidi ili kuibeba kazi ileile, na joto linachoma vanishi ya waya. Fezi moja ikikatika ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mota iliyokwisha kuanza kuzunguka huendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki, ikinguruma vilevile ulivyoeleza, mpaka iungue. Kuna kifaa kidogo cha kulinda fezi kinachofungwa pamoja na kontakta (swichi inayoendeshwa na umeme) na ovalodi (inayokata mota ikizidiwa): umeme ukishuka chini ya kiwango ulichopanga au fezi ikipotea, kinakata chenyewe ndani ya sekunde chache, na hakiruhusu mashine iwake mpaka umeme utulie. Nilivyoelewa, wewe una swichi ya mkono tu. Vifaa vyote vitatu, pamoja na kazi ya kuvifunga, havifiki mara mbili ya gharama uliyolipa kusuka mota.

Kuhusu hali ya umeme wenyewe, nakubali kwamba inauma kuliko kwingine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba kubwa la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, ilhali mikoa yetu miwili iliendelea kwa miaka mingi kuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea injini za gesi za hapa Mtwara. Mfumo mdogo wa namna hiyo hauna pa kuegemea, kwani injini moja ikiingia matengenezo, Lindi na Newala wanajua siku hiyohiyo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini megawati za Rufiji hazitakusaidia kama transfoma ya mtaa wako imezidiwa na laini yake ni ndefu. Pima volti kwenye soketi yako ya fezi tatu asubuhi, saa sita na saa moja usiku kwa wiki mbili, uandike. Malalamiko yenye namba husikilizwa mapema kuliko malalamiko yenye hasira.

---

Mwenye Duka (Masasi):

Mimi ni miongoni mwa hao wanaokushinda, kaka yangu, kwa hiyo mnisamehe nikisema kwa uwazi. Nauza vitanda na makabati ya kutoka nje, na sivisifii. Ubao wa MDF ukinyonya maji ya deki kwa masika mawili, miguu inavimba kama andazi na skrubu hazishiki tena. Wateja wangu wengi wanalijua hilo, na bado wananunua.

Wananunua kwa sababu kitanda wanakiona, bei imeandikwa, na jioni wanakilalia. Kwa fundi wanatoa kianzio, wanaambiwa Ijumaa, Ijumaa wanaambiwa umeme ulikatika, wiki inayofuata wanaambiwa vanishi haijakauka, na simu ya fundi haipatikani. Sisemi kwamba wewe ni hivyo, lakini huyo mjomba wa bibi harusi hakuhama kwa ajili ya shilingi 160,000. Alikuwa amekwisha kuikubali bei yako na kukulipa sehemu yake. Alihama kwa ajili ya tarehe.

Jambo jingine ni msimu. Huku kwetu fedha hutoka mnadani: ufuta huuzwa kati ya Juni na Agosti, korosho kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, na harusi hufuata malipo ya chama cha msingi cha wakulima. Mwezi wa Novemba naweza kuuza vitanda vingi kuliko miezi minne ya mwanzo wa mwaka ikijumlishwa. Ninyi mafundi mnasubiri oda zije zote Novemba ndipo mnunue mbao, na umeme ukileta matata wiki hiyo, msimu umekwisha. Mimi kontena langu naliagiza Julai.

Nikuambie na hili, nalo si la utani. Ukiniletea vitanda kumi vya mninga vinavyofanana, vyenye vipimo vilevile na kufungwa kwa bolti ili visafirishike vikiwa vipande, nitaviweka dukani kwa 430,000, nami nibaki na changu humohumo. Lakini viwe kumi vinavyofanana. Viwili vikipishana kimo hata kwa inchi moja sitavipokea.

---

Mzee wa Mkomaindo (Masasi):

Wanangu, nimesoma na kutikisa kichwa. Katika ujana wangu nilikuwa fundi mitambo katika kimojawapo cha viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vingine vikiwa na mitambo ya Italia na vingine ya Japani. Watu husema vilikufa kwa sababu ya umeme na vipuri, na ni kweli vyote viwili vilitutesa, ila vilianza kufunguliwa wakati korosho zenyewe zinapungua. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mtambo mkubwa ukikosa mvuke unasimama, ukikosa mkanda unasimama, ukikosa korosho unasimama, na mishahara haisimami. Korosho ghafi zetu zikaendelea kwenda India, na baadaye Vietnam, ambako ubanguaji ulitegemea sana mikono ya watu na mashine ndogo ndogo.

Nilichojifunza pale ni kutenganisha kazi ya mashine na kazi ya mkono, na kuweka akiba kati yake. Bwana Fundi, kwa nini unaranda ubao wa kitanda cha mtu mmoja siku ile aliyoagiza? Umeme ukiwa mzuri, iwe usiku au alfajiri, randeni na kukata vipande vya vitanda ishirini, mvipange rafuni: miguu hapa, mbavu hapa, vichwa hapa. Siku umeme haupo, watu watano wanaunga, wanapiga msasa wa mkono na kupaka vanishi. Akiba ya vipande ndiyo betri yako, nayo haihitaji dizeli.

---

Mpima Magogo (Kilwa Masoko):

Naongeza dogo tu juu ya aliyosema mzee, kwa sababu ushauri wake ukifuatwa kwa mbao mbichi utaleta hasara ya aina nyingine. Ukikata vipande ishirini vya mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita, vitapinda rafuni na havitaungana. Mninga una bahati ya kutocheza sana ukishakauka, na mkongo vilevile, lakini lazima ukauke kwanza. Kwa mbao ngumu za unene wa inchi moja, kipimo cha mafundi wa zamani ni karibu mwaka mzima wa kukaushwa kivulini, zikipangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, na vichwa vya mbao vikipakwa rangi ili visipasuke. Anza na zilizokwisha kukaa kwa wauzaji tangu kiangazi kilichopita, nawe ulipie nyongeza.

Tena nunua zenye hati ya kusafirishia. Kilwa kuna misitu ya vijiji inayovunwa kwa mpango, na vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayovunwa vizuri. Mbao zenye karatasi zitakusaidia siku utakapotaka kuuzia halmashauri madawati kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali, ambako hao vijana wako wakijisajili kama kikundi wanaweza kuingia kwenye ile asilimia 30 ya ununuzi iliyotengwa kwa makundi maalumu.

---

Fundi wa Mtanda (Lindi Mjini):

Shikamoo Mzee wa Mkomaindo, na ahsanteni nyote. Dada Mwenye Duka, umenichoma, lakini nimekaa nikaliangalia daftari langu la mwaka jana: katika oda 31, nimechelewesha 19, na umeme nimeuandika kama sababu mara 7 tu. Nyingine ni mbao kuchelewa, na oda tatu ni mimi mwenyewe kuchukua kazi nyingine katikati.

Mkopo wa jenereta nimeukataa. Jana fundi amefunga kontakta, ovalodi na kile kifaa cha kulinda fezi kwa jumla ya shilingi 265,000, na leo saa tisa alasiri taa zilipofifia kilikata mashine hata kabla sijageuka. Kijana alifikiri imeharibika. Kwa volti, kipimo cha kwanza ni 394 asubuhi na 331 saa moja usiku, kwa hiyo kuanzia wiki ijayo kuranda kutafanyika saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu.

Mbao za mninga za mwaka jana nimezipata Nachingwea, zinatosha vitanda kumi na viwili. Dada, nitumie vipimo vya godoro unalouza zaidi na aina ya bolti unazotaka. Vya kwanza vinne nitavileta mwenyewe ukavipime kwa futi yako.