MREJESHO: Kiti cha gari, binti bado anatazama nyuma

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama nimgeuze binti yangu atazame mbele kwenye gari. Ana mwaka na miezi minane, na miguu ilishaanza kugusa siti. Mama mkwe kila tukikutana alikuwa anasema namtesa mtoto.

Nimeamua, hageuki. Mlionishauri nisome kibandiko cha kiti badala ya kuhesabu miezi, asanteni. Chetu, ambacho shemeji alikileta kutoka Marekani, kinaruhusu kutazama nyuma hadi kilo 18. Yeye ana 11 na nusu. Kichwa nacho kiko chini ya ukingo wa juu kwa vidole vitatu vizima. Hata madaktari wa watoto wa huko waliacha kutaja umri wa miaka 2 mwaka 2018, sasa wanasema mpaka afikie kikomo cha kiti.

Miguu? Anakunja nne kama mwenyekiti wa kijiji, wala hana habari.

Kilichonitia aibu ni kingine. Nilishika kiti pale mkanda unapopita nikakitikisa, kikacheza karibu kiganja kizima! Kisizidi sentimita 2.5. Baba yake akakikandamiza kwa goti, akakaza mkanda upya.

Mama mkwe nikamweleza: kichwa cha mtoto kizito, shingo bado laini, gari likigonga kwa mbele kiti ndicho kinabeba mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Akanyamaza kidogo.

"Sasa twiga wa Mikumi atawaonaje?"